Kidude cha TV Kilishika Chenyewe Hotelini, Nikaivunja Ndoa Yangu

Nina miaka thelathini na nne, ni fundi cherehani hapa Kilosa mjini. Nina mtoto mmoja, Neema, wa miaka sita. Mume... nilikuwa naye. Niacheni nieleze yote bila kujipamba, maana katika mkasa huu mkosaji ni mimi mwenyewe.

Baba Neema alikuwa fundi wa pampu kwenye shamba la miwa kule Ruaha. Alikuwa akikaa kazini wiki mbili, akirudi anapumzika siku nne au tano. Ni mtu mpole, wa maneno machache. Mwenye mdomo ni mimi. Mama mkwe aliwahi kunitania kwamba cherehani yangu hupumzika, ila mimi sipumziki. Tulicheka sana siku hiyo!

Mwaka jana mume wangu alinunua kidude kidogo cha kuchomeka nyuma ya TV. Ukikipa intaneti unaangalia filamu, katuni, mahubiri, chochote upendacho. Alikiunganisha mwenyewe, mimi nilijua kuwasha na kuzima tu. Akienda Ruaha anakitia kwenye begi, akirudi anakichomeka, picha inakuja. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza intaneti yenyewe inatoka wapi.

Lile begi ndilo lililoanza kuninyima amani. Anakipeleka wapi? Anaangalia na nani? Siku moja msusi wangu, Mama Pili, akanisimulia safari zake za Dar huku ananisuka. Akasema hoteli zina Wi-Fi ya paswedi, na kifaa kigeni lazima kikuulize paswedi kwanza. "Kikishika chenyewe, shoga, ujue kilishafika hapo," alisema. Alikuwa anapiga soga tu, masikini. Mimi neno lile nikaenda nalo nyumbani, nikalala nalo.

Tulipotimiza miaka saba ya ndoa, Baba Neema akaniambia anataka kunipeleka Mikumi tulale hotelini siku mbili. Mimi, ambaye sijawahi kulala hoteli! Neema tukamwacha kwa bibi yake, tukapanda basi la kupitia kijiji cha Ulaya. Njiani nilimuuliza kama anaijua hoteli hiyo. Akasema huiona tu kwa nje akipita kwenda kazini, hajawahi kulala.

Tulifika alasiri. Chumba kilikuwa kizuri, mashuka meupe, TV kubwa ukutani. Alitoa kidude begini, akanipa nikichomeke, yeye akashuka mapokezi kuuliza paswedi. Mapokezi yenyewe yalikuwa chini ya dirisha letu.

Nikakichomeka. Nikasubiri kiniulize...

Hakikuniuliza! Katuni ya Neema aliyoiacha katikati nyumbani ikaendelea palepale ilipoishia.

Jamani, moyo wangu! Nikachungulia dirishani, nikamwona mume wangu anacheka na binti wa mapokezi, binti mwenye nywele zilizosukwa vizuri. Kesi nikaimaliza hapohapo. Hakimu mimi, shahidi kile kidude.

Kwetu sisi ndoa ikiyumba unaanza na wasimamizi wako, wale waliosimama nanyi kanisani. Ndiyo kazi yao. Namba ya msimamizi wangu ninayo kichwani hadi leo. Lakini sikumpigia. Nilifungua grupu la kamati ya harusi yetu, ambalo tangu tuoane hakuna aliyelifunga, likabaki la kupeana pole za misiba na salamu za Krismasi. Humo alikuwamo mama mkwe, mchungaji wetu, wasimamizi, na bosi wa mume wangu kule shambani, ambaye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati.

Nikabonyeza kurekodi sauti. Nilisema mume wangu anadanganya yuko kazini kumbe analala Mikumi na wanawake. Nilisema hoteli imemzoea mpaka TV inamtambua. Nilisema mama yake amelea mwongo... Nikatuma.

Akapanda ngazi na soda mbili, na karatasi yenye paswedi. Aliniuliza kama imeshika, akaeleza kwamba pale mapokezi aliambiwa ile ya hoteli inataka ufungue ukurasa wao kwanza, na kwa kuwa kidude hakiwezi, akawasha intaneti ya simu yake ili kiishike hiyo. Alinielekezea simu nione. Nilimcheka usoni! Nikamwambia simu yake haina uhusiano wowote na TV ya hoteli, asinifanye mjinga.

Hapo simu yake ikaanza kuita. Alikuwa mama yake.

Baadaye mume wangu alifungua grupu, akasikiliza sauti yangu mpaka mwisho akiwa amesimama. Hakufoka. Aliziweka zile soda mezani, akaniambia, "Ungeniuliza, Mama Neema. Nilikuwa hapo chini tu."

Kesho yake asubuhi tulirudi Kilosa bila kusemezana. Nilifuta ujumbe, lakini watu walishausikiliza, na wengine walishausambaza. Mama mkwe aliacha kwenda kwenye vikundi vya akina mama kanisani kwa aibu. Nilipomwamkia shikamoo aliitikia marahaba akiangalia ukutani. Kazini walianza kumchunguza Baba Neema siku zake, kwani mimi mkewe ndiye niliyesema hafanyi kazi! Mkataba ulipoisha hawakumpa mwingine.

Wasimamizi wetu walikuja kutupatanisha. Baba Neema aliwajibu kwa sauti ya chini, "Nimemsamehe. Ila kila nikifungua mlango naogopa kesho atasema nini." Wiki ileile akahamia Tindiga kwa kaka yake, analima mpunga. Na mimi, kwa kiburi changu, niliwaambia wateja wangu wamwache aende kwa huyo mwanamke wake wa Mikumi.

Kidude alimwachia Neema. Wiki tatu baadaye mtoto akadai katuni. Nikakichomeka, hakuna picha. Nikachomoa, nikarudia, wapi! Nikakipeleka kwa fundi simu karibu na stendi, mzee mmoja mwenye miwani. Akakiunga kwenye TV yake, akabonyezabonyeza, halafu akanionyesha. Ndani ya kumbukumbu yake kilikuwa na jina moja tu la intaneti: Baba Neema.

"Tangu kinunuliwe hakijawahi kushika intaneti nyingine, mama," alisema. "Hii ni simu ya nani?"

Nililia mbele ya wateja wake.

Nilikwenda Tindiga nikapiga magoti. Aliniinua, shemeji akanipa chakula, kisha Baba Neema mwenyewe akanisindikiza mpaka kwenye gari. Hakunitukana. Hakurudi pia. Grupuni niliomba radhi kwa sauti ileile niliyomtukania, akajibu mchungaji peke yake.

Wasomaji wenzangu, hasa wake wenzangu wenye mdomo mwepesi kama mimi... uliza kwanza! Muulize mwenzako, na akikujibu, msikilize. Kama moyo hautulii, wapo wasimamizi wako. Usipeleke grupuni jambo ambalo hujalimaliza chumbani. Mimi niliambiwa ukweli nikiwa nimesimama hotelini, nikaucheka.

Siku hizi Baba Neema huja kila Jumapili kumwona mtoto. Haingii ndani, hukaa barazani kwenye kigoda. Neema ameshajua, hivyo akitoka kanisani anawasha TV na kukaa mbele ya kioo kitupu. Baba yake akikaribia mlangoni huwasha simu yake makusudi, na picha inakuja yenyewe. "Baba kaja," anasema Neema, na kukimbia nje.

Mimi hubaki jikoni nasikiliza katuni. Ikikatika, najua ameondoka.