Chumba Kipo Wazi Kuanzia Alhamisi

"Hodi! Nimekuja kwenye chumba changu."

Fundi aligeuka, misumari midogo minne ikiwa mdomoni. Mlangoni mwa karakana alisimama mzee mrefu, sanduku mkono mmoja, kofia kwapani, akitabasamu kama mtu aliyekuwa akisubiriwa kwa hamu.

Fundi hakuwa akimsubiri mtu yeyote. Aliitema misumari kiganjani mmoja mmoja, kama alivyofundishwa na marehemu baba yake, maana fundi makochi akijisahau na misumari mdomoni, huishia hospitali.

"Chumba kipi, Mzee?"

"Cha juu. Chenye dirisha la kona, na ngazi inayolia kwenye kipandio cha tatu."

Ngazi ni kweli ililia kwenye kipandio cha tatu. Lakini chumba kile kilikuwa na mtu. Kilikuwa na Ramani, mchumba wake wa miaka miwili.

"Umepotea nyumba, Mzee wangu. Pale juu kuna mpangaji."

"Ndiyo, lakini anaondoka." Mzee alitoa simu, akamsogezea.

Ilikuwa picha ya chumba cha Ramani. Kitanda, meza, kompyuta, na nyuma ya mlango ilining'inia aproni ya kijani ambayo Fundi aliitafuta mwezi mzima. Chini ya picha paliandikwa: "Chumba kipo wazi kuanzia Alhamisi. Mpangaji anahamia nje ya nchi. Mwenye nyumba ni mkali lakini ana huruma. Chini kuna karakana ya makochi. Nyundo huanza saa mbili asubuhi. Utazizoea, kisha hutaweza kuamka bila hizo."

Fundi alisoma mara mbili. Mara ya pili herufi zilianza kucheza.

"Leo Jumatatu," alisema, kwa kuwa ndilo neno pekee lililokubali kutoka.

"Najua, binti. Nimewahi siku tatu. Nauli ya leo ilikuwa nusu ya nauli ya Alhamisi."

"Nani huyo anataka nusu?" Shangazi alikuwa akishuka ngazi, mkono mmoja umefungwa bandeji kwa sababu ya kifundo cha mkono kilichovimba. Nyumba ilikuwa yake, juu hadi chini, na sauti ilikuwa yake zaidi. Alichukua simu, akasoma kwa mdomo unaotembea.

"Mwenye nyumba ni mkali?" alifoka. "Mimi? Mkali mimi?"

"Endelea kusoma, Shangazi."

"Lakini ana huruma. Aa, hapo sawa." Kisha akaelewa. Alimtazama Fundi, na sauti ikashuka. "Mwanangu. Ulijua?"

Fundi alitikisa kichwa. Akachukua simu yake, akapiga.

"Mpenzi," Ramani alipokea kwa haraka, nyuma yake mashine ikinguruma. "Niko kwenye foleni, kuna kitu naprinti."

"Kitu gani?"

"Karatasi tu."

"Karatasi hiyo ina mabawa?"

Mashine iliendelea kunguruma. Ramani aliisogeza simu karibu na mdomo.

"Nani kakwambia?"

"Mpangaji wako mpya. Anakunywa chai ya Shangazi hapa. Njoo umkaribishe."

Akakata.

Ukweli ni kwamba hakuna aliyeweza kusema hakujua Ramani anataka kuondoka. Jina lenyewe alilipata kwa hilo. Tangu amalize chuo, kazi yake ilikuwa kusikiliza mikutano ya watu wa mbali kwenye kompyuta na kuiandika neno kwa neno, kazi ambayo mtu anaweza kuifanya popote penye mtandao. Basi akawa na daftari. Humo aliandika nchi zote ambazo maisha ni nafuu: kodi, chakula, viza, mtandao. Alizifikisha thelathini na moja. Jioni alishuka karakanani, akaketi juu ya rundo la sponji na kumsomea Fundi kama mtu anayesoma hadithi. Fundi aligonga misumari na kusema, "Nitafikiria." Aliona ni mchezo wao. Wengine hucheza karata.

Ramani alifika akihema, bahasha kwapani. Mzee alisimama kumpa mkono.

"Kijana, tangazo lako ni zuri sana. Nimeishi nchi sita za bei nafuu, sijawahi kuona mtu aandike hivyo kuhusu kelele."

"Asante," alisema Ramani, akimtazama Fundi.

"Shangazi, mpeleke Mzee akaone jiko," alisema Fundi.

"Jiko kishaliona."

"Shangazi."

"Haya. Mzee, twende ukalione tena."

Walipobaki wawili, Ramani alianza kabla hajaulizwa.

"Ilikuwa wiki sita zilizopita. Bei ya tiketi ilishuka ghafla. Imebaki nafasi moja, saa inahesabu kurudi nyuma. Nikabonyeza."

"Nafasi moja."

"Nilitaka niende kwanza. Nipaone, nipate chumba, kisha nikuite."

"Na ungeniambia lini?"

"Jumatano."

"Safari Alhamisi, uniambie Jumatano?"

"Nilijaribu mara nyingi. Kila nikishuka hapa una misumari mdomoni."

"Usiisingizie misumari yangu!" Aliirusha nyundo juu ya sponji, ikaruka kidogo na kutulia. "Umemtafutia Shangazi mpangaji. Ulimwonea huruma asikose kodi. Mimi ulinitafutia nini?"

Ramani alihamishia bahasha kwapa la pili.

"Na sofa je?" aliendelea Fundi. "Alhamisi saa tatu. Uliniahidi."

Mbele yao ilisimama fremu ya sofa refu, mbao tupu na springi, mali ya ukumbi wa harusi wa barabara ya pili. Kitambaa chake cha mistari kingefika Alhamisi asubuhi, na sofa lilitakiwa ukumbini saa sita mchana. Likipendeza, Fundi angepewa viti vyote vya ukumbi, sitini. Kitambaa cha mistari hakivutwi na mtu mmoja. Huyu anavuta huku, yule kule, pumzi moja, la sivyo mistari inapinda kama mlevi. Shangazi ndiye aliyekuwa akimshikia mpaka kifundo kile kilipovimba. Baada yake ni Ramani tu aliyejifunza.

"Ndege inaondoka saa nne na nusu," alisema Ramani taratibu.

"Sofa uliniahidi wiki tatu zilizopita. Tiketi una wiki sita."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo uliniahidi huku tiketi ikiwa mfukoni?"

"Ulikuwa umenitazama, Fundi. Ningesemaje hapana?"

"Kwa mdomo! Watu wote husema kwa mdomo!"

Alichukua nyundo yake. Ramani alipanda juu, ngazi ikalia kwenye kipandio cha tatu.

Jumanne nzima hawakutazamana. Nyumba ile ilikuwa kama maji yaliyokaribia kuchemka. Juu, Ramani alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, mlangoni hadi dirishani. Chini, Fundi alihamisha sponji kutoka kona hii hadi ile, kisha akazirudisha. Mzee, aliyepewa malazi sebuleni kwa Shangazi, naye hakutulia. Alikuwa akitoka kwenda kuuliza bei sokoni, anarudi anaandika.

"Hapa kwenu ni rahisi sana," alisema. "Kwenye orodha yangu mko namba mbili."

"Rahisi?" Shangazi aliweka kikombe chini. "Nani kasema? Mimi mbona nalia kila mwisho wa mwezi?"

"Namba moja ni nchi ipi?" aliuliza Fundi.

"Ile anakokwenda kijana wako. Nilikaa miaka miwili. Nzuri. Nafuu."

"Kwa nini ukaondoka?"

Mzee alifikiri. "Sijui, binti. Nilikuwa karani wa posta miaka thelathini, barua za watu zinasafiri mimi nimekaa. Mke wangu alipofariki nikasema, sasa zamu yangu. Tangu hapo nikifika mahali, mwezi wa pili naanza kuulizia pengine." Alicheka, lakini si sana. "Kukaa ndiko kunanishinda."

Simu ya Fundi ikalia. Ujumbe wa Ramani, kutoka juu.

"Nikushushie chai?"

Fundi aliilaza simu kifudifudi. Ikalia tena.

"Nijibu hata kwa tusi."

"Nina kazi," aliandika.

Jumatano mchana Mzee alishuka karakanani na daftari. Fundi alilijua gamba lake lililochanika.

"Kijana wako kaniazima tulinganishe bei. Lakini hesabu zake mbovu. Nimeshindwa kuvumilia."

"Mbovu vipi?"

"Mtu mmoja anahitaji chumba kimoja. Yeye kila nchi kaandika vyumba viwili na karakana chini. Nani anapanga karakana ili aandike kwenye kompyuta? Ndiyo maana kila nchi inamshinda bei."

Fundi alifuta mikono, akalichukua. Ramani alikuwa akimsomea daftari hili tangu zamani, lakini hakuwahi kumpa alishike.

Nchi ya nne: "Kodi nafuu. Ila wanakaa chini kwenye mazulia. Makochi atamuuzia nani?" Nchi ya tisa: "Pazuri. Maji kila upande. Anaogopa maji." Ya kumi na tano: "Mbao ghali." Ya ishirini na mbili: "Shangazi atapata viza? Hawezi kumwacha Shangazi na kile kifundo." Na pembeni, kwa kalamu nyekundu, kila baada ya kurasa chache, tarehe na maneno yaleyale: "Nimemsomea. Amesema atafikiria."

Fundi alihesabu nyekundu hizo. Zilikuwa kumi na moja. Mara kumi na moja alisema atafikiria, na hata mara moja hakufikiria. Aligonga tu misumari.

Nchi ya mwisho, ya thelathini na moja, ilikuwa na mstari mmoja: "Niende kwanza mwenyewe, labda akiona naishi kweli ataamini."

Aliketi juu ya rundo la sponji, mahali pa Ramani.

"Nimekuudhi, binti?"

"Hapana, Mzee. Asante."

Alikaa na simu muda mrefu, anaandika na kufuta. Mwisho akatuma: "Nimesoma daftari. Sikuwa nafikiria, nilikuwa najibu tu. Nisamehe. Nenda. Ahadi ya sofa nimekuachia, usiibebe. Ukifika niandikie kama huko watu wanakalia makochi."

Nyayo za juu zikasimama. Simu ikalia.

"Na nani atakushikia kitambaa?"

"Nitatafuta mtu."

"Nani?"

Fundi aliweka simu chini. Hakukuwa na mtu.

Alhamisi saa moja na nusu asubuhi, teksi ilipiga honi. Fundi hakutoka. Alisikia kipandio cha tatu kikilia, begi likigonga ukuta, Shangazi akisema, "Ule njiani, usife njaa huko kwa watu," kisha akipenga kamasi. Ramani alisimama mlangoni mwa karakana. Fundi alikuwa ameinama kwenye springi ambayo haikuhitaji kuinamiwa.

"Viza inasema niingie kabla ya Jumamosi," alisema. "Nisipoingia imekufa. Na tiketi ile hairudishwi wala kubadilishwa."

"Najua. Nenda, utachelewa."

"Fundi."

"Nenda, Ramani. Nikigeuka nitaharibu."

Teksi ikaondoka.

Saa mbili na nusu kitambaa kilifika: mistari ya bluu na krimu, kizito, kizuri. Fundi alikitandika, akapigilia upande mmoja, akakimbilia wa pili, akavuta. Mistari ikapinda. Akang'oa, akaanza upya. Ikapinda kwingine.

"Nipe nishike," alisema Mzee, akanyoosha mikono. Ilikuwa ikitetemeka kama simu iliyozimwa sauti. Wote wawili waliitazama.

"Basi nitakusomea saa," alisema Mzee. "Saa tatu kasoro dakika tatu."

"Mzee, hiyo haisaidii!"

Shangazi alifungua bandeji kwa meno. "Leta. Kikikatika kikatike."

"Shangazi, toa mkono hapo."

"Huyo mtoto wa watu angejua ..."

"Nimemruhusu mwenyewe!" Fundi aliachia kitambaa, akafuta uso kwa kiwiko. "Nimemruhusu. Asilaumiwe."

Mlango ulisukumwa. Ramani aliingia jasho likimtiririka, begi mgongoni, shati limetoka nje. Hakumsalimia mtu. Alitupa begi juu ya sponji, akapiga goti upande wa pili wa sofa, akaushika ukingo wa kitambaa kwa vidole vyote kumi, kama alivyofundishwa.

"Saa tatu kamili," alitangaza Mzee.

Fundi alikuwa ameshaweka misumari mdomoni. Aliinua nyundo.

"Nimefika uwanjani," alisema Ramani, akivuta. "Niko kwenye foleni, mbele yangu watu wanne. Wewe uliniachia ahadi, mimi nikashindwa kuiachia. Nikamwambia dereva geuza. Ameniita kichaa. Vuta kwako kidogo. Hapo."

Nyundo ikaanza. Mistari ilinyooka.

"Na chumba hurudishiwi," alisema Mzee kwa upole. "Ni changu miezi mitatu. Tulikubaliana."

"Najua, Mzee."

"Kochi la sebuleni lipo," alisema Shangazi, akiifunga bandeji upya. "Ila mwenye nyumba ni mkali. Hilo limo kwenye tangazo."

Fundi alitaka kucheka, akakumbuka mdomo wake. Alipigilia wa kwanza, wa pili, wa tatu. Simu ya Ramani ilianza kutetemeka mfukoni. Walikuwa watu wa shirika la ndege, wakimwita abiria wa mwisho. Ilitetemeka, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Macho yake yaliruka kuelekea mlangoni mara moja, yakarudi kwenye kitambaa. Mishipa ya mikono ilimsimama. Hakulegeza hata uzi.

Fundi alitema msumari wa mwisho kiganjani.

"Machi," alisema.

"Machi nini?"

"Tukimaliza viti sitini. Nafasi mbili. Ile ya kumi na tano, mbao ghali lakini tutajua huko huko. Shangazi anabaki na Mzee kwanza, kisha tunamwita."

"Mimi nani kaniuliza?" alisema Shangazi.

Ramani alimtazama juu ya sofa, midomo ikimcheza. "Umefikiria?"

"Jana usiku kucha. Kweli, safari hii." Alichukua misumari mingine. "Na ukiona bei imeshuka, kabla ya kubonyeza?"

"Nakuita."

"Hata nikiwa na misumari mdomoni?"

"Hasa hapo."

Simu ilitetemeka mara ya mwisho, kisha ikanyamaza kabisa. Vidole vya Ramani vilikuwa vimepauka kwenye ukingo wa kitambaa.

"Usiachie," alisema Fundi, akahamia kona ya pili.

"Siachii."