Dakika Tatu za Taa ya Manjano

Siku ya kumi na tisa ya eda yake, Mwanarusi alimsikia marehemu mumewe akiruka aya.

Alikuwa jikoni anachambua mchele. Redio ilikuwa sebuleni ikisoma, kama ilivyosoma kila siku tangu mazishi. Sauti ilikuwa ya Dzoro mwenyewe. Ramadhani ya mwaka uliopita alikaa na mashine ile kila baada ya alfajiri, akajirekodi akisoma Suratul Baqara kidogo kidogo mpaka akaimaliza. Akamwambia mkewe, "Nikiwa zamu bandarini, nyumba isikae kimya."

Dzoro alianguka bandarini siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, na hakuinuka tena. Mwanarusi hakupata neno lake la mwisho. Alichopata ni mwili, na baadaye ile redio.

Aliijua sura nzima kwa masikio. Alijua mahali mumewe alipokohoa, na mahali kunguru alipolia dirishani naye akangoja amalize. Basi siku ile alisikia sauti ikifika penye Ayatul Kursi, ile aya ya kinga, akaacha mchele ili aifuatishe kwa midomo. Haikuja. Sauti ilitoka aya ya kabla yake ikaingia aya ya baada yake, bila hata kuvuta pumzi.

Alirudisha nyuma mara tatu. Mara zote tatu ilikuwa hivyo.

"Ni stima," alimwambia wifi yake, Swafia, dada yake Dzoro, aliyekuwa akija kila siku kumsaidia. "Jana umeme uliporudi kwa nguvu si ulisikia taa ya ukumbini ilivyopasuka? Friji ya Truphosa, jirani wa huko chini, imetoa moshi. Imeniunguzia aya, wifi. Kesho itaniunguzia yote."

"Basi tuitoe hiyo sauti tuiweke kwenye simu."

"Fundi alishajaribu zamani. Imo ndani ya mashine, haina mahali pa kutokea. Niitie Ogutu."

Ogutu alikuwa na kibanda cha vyombo vya umeme karibu na uwanja wa Tononoka. Kwa kuwa Mwanarusi yumo edani na hatoki wala haonekani na wanaume, walifunga pazia mlango wa chumba. Ogutu aliketi kiti cha ukumbini na vitu vyake mapajani, na Swafia akawa katikati, akipokea na kupitisha chini ya pazia.

"Poleni sana na msiba, mama," alisema Ogutu. "Mzee alikuwa mtu wangu. Alikuwa akinikemea kwa kufungua redio ya kanisa kwa sauti kubwa, kisha ananiletea mahamri."

Nyuma ya pazia Mwanarusi alicheka kidogo, akalia kidogo.

"Sasa angalieni," alisema Ogutu, akipitisha kifaa cha kwanza. "Hii nyeupe yenye matundu manne watu wanaipenda kwa kuwa ina taa nyekundu. Ndani ina kidonge kimoja. Stima ikija na nguvu, kidonge kinapokea pigo, kinakufa badala ya tivi. Lakini kikishakufa, taa bado inawaka, na wewe unalala ukidhani umelindwa."

"Wewe Ogutu, wifi yangu ameshafiwa, unataka kumuuzia kitu kilichokufa?" alisema Swafia.

"Dada, si ndiyo namwambia asichukue! Wateja wote wangeuliza kama wewe, ningefunga duka." Akapitisha cha pili, kizito, cha rangi ya kijivu. "Hii ndiyo gadi yenyewe, mlinzi wa stima. Stima ikizidi, inakata. Ikipungua, inakata. Na stima ikirudi baada ya kupotea, haiiruhusu kupita papo hapo. Inawasha taa ya manjano, inangoja dakika tatu, mpaka ione stima imetulia. Ndipo inawasha ya kijani. Zile dakika tatu redio yako inakuwa imekufa kabisa. Usiogope."

Mwanarusi aliipima gadi mikononi. "Hii," alisema.

Ogutu alipoichomeka ukutani alilikagua tundu, akasema nyumba hii ya zamani haina waya wa ardhi. "Umeme ukizidi unatakiwa upate njia ya kushuka ardhini, mama. Usipoipata unabaki humu humu ukizunguka. Nitaongea na mwenye nyumba tuchimbe."

Mwanarusi alishukuru. Jioni ile alisali, akamwombea mumewe, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akalala bila kushtuka.

Stima ilipotea siku ya pili yake, baada ya adhuhuri. Aida, binti yao wa miaka saba, alikuwa shule. Swafia alikuwa sokoni. Feni ilizunguka polepole mpaka ikasimama. Baada ya nusu saa stima ilirudi kwa kishindo kile kile, taa zikawaka sana kisha zikatulia, na kwenye gadi ikatokea taa ndogo ya manjano. Redio ilikuwa imekufa, kama Ogutu alivyosema.

Ndipo akasikia harufu ya kafuri, ile waliyomtilia Dzoro kwenye sanda.

"Mwana," sauti ikaita.

Hakuna mtu duniani aliyemwita hivyo ila mmoja, na hakumwita hivyo mbele za watu. Na Mwanarusi alikuwa amelelewa na bibi aliyemchapa mtoto wa kike asipoitika anapoitwa. Kwa miaka kumi na mitano ya ndoa hakuwahi kuitwa na mumewe akanyamaza. Hata Aida alikuwa amemfundisha hivyo hivyo. Kabla hajafikiri, mdomo ulikuwa umeshasema.

"Abee."

"Umechoka," sauti ikasema. "Umekonda."

Alipiga magoti pale pale. Aliuliza kwa kunong'ona, "Uko wapi, mume wangu?"

"Niko hapa. Sikushuka."

Taa ya kijani ikawaka. Redio ikaanza kusoma, na kafuri ikatoweka.

Hakumwambia mtu. Alijua vizuri angeambiwa nini. Siku ya pili alingoja stima ipotee, haikupotea. Siku ya tatu hakuweza kungoja tena, akanyoosha kidole, akazima swichi ya ukutani, akaiwasha. Taa ya manjano ikatokea, dakika tatu zikaanza.

"Mwana."

"Abee."

Ikawa hivyo kila siku, mara mbili, mara tano, mara kumi, Aida akiwa shule. Sauti ilimkumbusha mvua iliyowakuta Makadara wakiwa wachumba, na mtoto wao wa kwanza aliyeishi siku mbili, na jinsi Dzoro alivyomwosha yeye miguu usiku ule bila kusema neno. Mambo hayo hakuyajua mwingine. Mwanarusi alicheka na kulia, uso wake karibu na gadi, akiitazama taa ile ndogo kama mtu anayechungulia dirisha la hospitali, akijua muda wa kutazama wagonjwa utakwisha sasa hivi.

Swafia alianza kumwangalia. "Wifi, mbona unanukia kafuri?"

"Ni nguo za kabatini."

"Na mbona kaka yangu amemaliza kusoma mapema leo? Nimetia maji ya wali, hata hayajachemka, sura imekwisha."

Swafia alipoondoka, Mwanarusi alikaa mbele ya redio, akaiacha isome tangu mwanzo, akasikiliza. Baqara ya Dzoro ilikuwa ya zaidi ya saa mbili. Sasa ilikwisha kwa dakika kumi na mbili. Kikohozi hakikuwapo. Kunguru hakuwapo. Aya zilikuwa zimetolewa moja moja, kama mawe yanavyotolewa ukutani na mtu asiye na haraka, na alipohesabu siku na mara alizozima na kuwasha alielewa kuwa kila dakika tatu alizopewa zilikuwa zimekatwa mahali, kwamba alikuwa akiinunua sauti moja kwa sauti nyingine, na ile aliyokuwa akiitoa ndiyo iliyokuwa ya mumewe.

Akazima swichi, akaiwasha. Alikusudia iwe mara ya mwisho.

"Mwana."

Safari hii hakuitika. Alisema, "Nisomee Ayatul Kursi."

Taa ya manjano haikupepesa. Harufu ya kafuri ilizidi, na chini yake kukaja harufu nyingine, ya udongo mbichi uliofukuliwa, na ingawa ilikuwa saa nane mchana na watoto walikuwa wakicheza mpira nje na muuza kahawa alikuwa akigonganisha vikombe vyake barabarani, sebule ile ikawa na baridi ya mahali ambapo jua halijafika tangu nyumba ijengwe, na sauti ilipokuja tena haikutoka kwenye redio wala kwenye gadi bali nyuma ya shingo yake, karibu, mahali ambapo Dzoro alikuwa akilaza uso wake akitaka kulala.

"Nisiombwe hiyo," ilisema. "Miaka hamsini na miwili nimemsikia akiisoma. Kila usiku anaisoma, na mimi nabaki nje ya chandarua."

Mwanarusi aliyarudia maneno hayo moyoni. Akiisoma. Anaisoma. Sauti ilisema yeye, haikusema mimi.

"Nilizaliwa naye," ilisema, na sasa ilikuwa inalia, na kilio hicho kilikuwa cha Dzoro kabisa. "Wamemtia shimoni, wakafukia, wakaondoka. Mimi sikuambiwa niende wapi. Ukaniitikia. Usininyamazie, Mwana."

Taa ikageuka kijani.

Swafia alimkuta sakafuni, akaambiwa yote, na hakungoja hata kuvua buibui. Alikwenda moja kwa moja Mji wa Kale, Kibokoni, akarudi na Maalim Mbwarafadhi, mzee aliyemfundisha Dzoro Kurani utotoni. Maalim alikaa kwenye kiti kile kile alichokalia Ogutu, upande ule wa pazia. Alisoma kwa muda mrefu. Kisha akauliza mambo machache, akashusha pumzi.

"Binti yangu, kila mja ana karini wake, wa majini, anayezaliwa naye. Anajua sauti yake na siri zake zote. Marehemu amekwenda kwa Mola wake, safi, hana habari na haya. Huyu ni yule aliyebaki."

"Analia, Maalim," alisema Mwanarusi.

"Huenda analia kweli. Lakini si mumeo. Mimi ninaweza kusoma, na nitasoma. Lakini wewe ndiye uliyemwitikia, kwa hiyo wewe ndiye wa kumwachisha. Sauti anayojishikiza nayo isiwepo tena ndani ya nyumba hii."

"Zimebaki dakika tisa tu."

"Najua."

"Ndizo nilizo nazo."

"Najua, mwanangu," alisema mzee, na Swafia akageuza uso ukutani.

Mwanarusi hakuweza kuivunja redio kwa mkono wake. Asubuhi, baada ya kusali, alifanya jambo jingine. Aliichomoa kwenye gadi, akaipeleka upande wa pili wa chumba, akaichomeka moja kwa moja kwenye tundu la ukutani. Akasema, "Mwenyezi Mungu, mimi naiacha bila mlinzi. Wewe fanya upendalo." Akaifungua isome, akakaa mkekani.

Stima ilipotea alasiri. Aida alikuwa amerudi kutoka shule, yuko sakafuni upande wa pili na daftari lake. Mwanarusi alishika tasbihi akangoja. Ilipokaribia magharibi taa zilirudi na nguvu kuliko siku zote, feni ikaunguruma, na redio, bila kungoja dakika tatu wala moja, ikafungua kinywa.

Ikasoma Ayatul Kursi.

Ilianza tangu mwanzo, bila kurukwa neno, na ilikuwa Dzoro, na Mwanarusi aliijua kama unavyojua mkono wako gizani, kwa namna alivyovuta pumzi kabla ya kuanza, kwa ule ukwaruzo wa koo la mtu aliyetoka kula daku, kwa jinsi alivyopunguza sauti ili mkewe aliyelala asiamke, na akajua kwamba haikuungua kamwe, kwamba ilikuwa imefichwa humo humo na yule karini muda wote, naye akaruka kutoka mkekani, akakanyaga nguo yake, akaanguka, akatambaa, akaunyoosha mkono kwenye waya.

Kitu kikapasuka ndani ya mashine. Moshi ukatoka kwenye matundu ya spika, mweusi, unanuka plastiki. Sauti ilikatikia katikati ya aya.

Mwanarusi aliikumbatia redio ikiwa bado ya moto. Ilimwunguza mkono, hakuiachia. Alilia kama hakulia siku ya mazishi, maana siku ile kulikuwa na kitu kimebaki. Msikitini walianza kuadhini. Harufu ya plastiki ilianza kupungua, na alipovuta pumzi kutafuta ile nyingine hakuipata. Akasema, "Alhamdulillahi." Akarudia, ili moyo wake usikie.

"Abee, baba."

Aligeuka.

Kule upande wa pili, gadi ilikuwa bado ukutani. Hakuna aliyekumbuka kuichomoa. Haikuwa imechomekwa kitu chochote, na taa yake ya manjano ilikuwa inawaka, ikihesabu dakika zake. Aida alikuwa amechuchumaa mbele yake, daftari limeanguka, kichwa amekiinamisha kama mtoto anayeambiwa siri.

"Mama," alinong'ona, bila kugeuka. "Baba anauliza kwa nini umemchoma."