Salama ya Mlango wa Bi Mize

Kitendawili. Ukiniambia nitege, natega: mkubwa hutangulia kavaa vizuri, mdogo humfuata nyuma akichechemea, na habari zote za nyumbani anazo yule mdogo. Umeshindwa? Usinipe mji kwanza. Kaa nacho, twende.

Katika kisiwa cha Mwambapya milango ilikuwa ikisema. Umefika barazani kwa mtu, umepiga hodi, hujavuta hata pumzi, unasikia sauti ya mwenyewe: "Salama tu, jirani. Nimejinyoosha kidogo, tutaonana." Na mwenyewe hana habari, yuko kwenye mwani, au amelala fofofo. Aliyeitikia ni sautikivuli, kichombo kidogo kama kokwa la tende, kilichopachikwa juu ya mlango. Hicho hukaa na mtu kikimsikiliza, mpaka kikashika sauti yake na hata kikohozi chake, kisha kikaamkiana na watu kwa niaba yake.

Kisiwa chenyewe kilioteshwa na roboti za kujenga matumbawe, kikagawiwa watu ambao pwani zao zimemezwa na maji. Na ugeni unachosha, jamani. Kutwa unajifunza upepo unaingilia dirisha lipi, mtungi wa kuchuja maji ya bahari unawashwaje, jirani wa kushoto anaitwa nani. Ukirudi kuweka mgongo chini, hodi. Hujafumba jicho, hodi nyingine.

Biubwa Makame, mhandisi wa nyumba za Mwambapya, alichoka kuliko wote, ndipo akabuni sautikivuli. Alipoifundisha aliona majibu ya watu ni marefu mno kwa kichombo kidogo. Basi akakata mikia, akabakiza mwanzo. Na wewe wajua watu wetu, hata mwenye homa ya kutetemeka, ukimuuliza hali, huanza na salama, kisha ndipo ikaja ila. Yale yanayofuata Biubwa aliyahesabu maneno ya kujazia baraza.

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta alikuwa Bi Mize, mama mtu mzima anayeishi peke yake. Siku moja Bi Mize aliteleza jikoni, akavunjika nyonga. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Ile ya mlangoni haikukauka.

"Hodi, Bi Mize. Umeshindaje?" watu waliuliza wakipita.

"Salama tu," mlango ukajibu kwa sauti yake, naye chini sakafuni akiisikia.

Asubuhi yake Biubwa mwenyewe aliuliza, akajibiwa salama, akaenda zake kazini akiwa ameridhika. Aliyekuja kugundua ni roboti ya mikate, ilipokuta mikate ya jana bado iko kizingitini. Ikapiga king'ora.

Bi Mize alirudi kutoka hospitali anatembelea gongo. Kila aliyekwenda kumtazama alikaribishwa. Biubwa akienda, mlango ndio humjibu salama, mwenyewe haitikii. Hodi ni tatu, usipoitikiwa na mwenyewe hurudi, naye alirudi. Kesho tena, na keshokutwa. Kisiwani pale hakuwa na ndugu. Mtu wa kwanza kumpa chumvi siku aliyohamia alikuwa Bi Mize.

Ndipo akachukua ngazi, akaanza kung'oa sautikivuli mlango kwa mlango. Kombo Faki, mkulima wa mwani, alimkuta juu ya mlango wake.

"Mhandisi, unatung'olea midomo. Sasa tutaitikia wenyewe?"

"Mtaitikia wenyewe."

"Na uchovu huu?"

"Tutachoka, Kombo."

Kombo akakuna kidevu. "Basi ng'oa. Mke wangu siku hizi hata kunifokea anakiachia hicho."

Alasiri alimalizia kwa Bi Mize. Alikibandua kichombo, akakitia mfukoni, akateremka.

"Hodi."

Akagonga tena.

"Hodi, Bi Mize."

Ndani kifuniko cha sufuria kililia kidogo.

"Hodi."

Zilikuwa zimetimia tatu. Ilimpasa aondoke, lakini hakuondoka. Akakaa kwenye baraza, mgongo ukutani, ngazi kando yake.

"Siingii," alisema. "Nimekaa tu nje. Umeshindaje, Bi Mize?"

Jua lilisogea mpaka likamfika magotini. Gongo likagonga sakafu, likasimama nyuma ya mlango.

"Ni wewe, au ni mlango?"

"Ni mimi. Mlango nimeunyamazisha."

"Salama," alisema Bi Mize.

Biubwa hakuinuka. Safari hii alingoja.

"Ila," sauti ile iliyokwaruza ikaendelea, "nyonga yanikata, usingizi sipati, na wewe bado nimekukasirikia. Sukuma mlango, mimi siwezi kuinama kwenye kitasa."