Jumamosi ya Msusi

Foleni ya benki haikusogea asubuhi hiyo, na fundi saa, kwa kukosa la kufanya, akawa anachungulia mkono wa dada aliyesimama mbele yake. Gauni la manjano, kucha nyekundu, na saa kubwa ya kiume, ya kale, yenye kidirisha cha jina la siku, ile inayojitia ufunguo yenyewe mkono ukicheza. Saa tamu hiyo! Ila mishale, mh!

“Samahani dada, saa yako imepotea. Mshale uko kwenye nne.”

“Kwani sasa ni saa ngapi?”

“Saa nne.”

“Sasa imepotea wapi, kaka?”

Fundi akatazama ya kwake: mshale kwenye kumi, kama saa za watu wote. Dada akacheka. “Ya marehemu baba. Aliitia majira kama tunavyotamka: saa nne, mshale kwenye nne.”

Alikuwa msusi. Kabla hawajafika dirishani walishapeana namba, na tangu hapo simu hazikupoa.

“Umekula, malkia?”

“Nimekula, ila sijashiba sauti yako.”

“Basi usiku wa Jumamosi, mgahawa wa ghorofani.”

“Nitakuja, mwaya.”

Jumamosi fundi akapiga pasi shati jeupe, akasubiri pale mgahawani mpaka wahudumu wakapandisha viti mezani. Simu haikupokelewa. Asubuhi ujumbe ukaingia: “Usinitafute. Umeniacha peke yangu watu wananikodolea macho.”

Peke yake? Lini? Moyo ulimuuma, lakini swali hilo lilimkera zaidi. Kibandani kwake akachukua saa moja ya zamani mezani, akazungusha mishale taratibu. Ilipokutana kwenye kumi na mbili, jina la siku likageuka kwenye kidirisha chake. Saa za watu hufika hapo saa sita usiku. Ya msusi je? Saa kumi na mbili jioni! Ijumaa jua likizama tu, kwake imeshaandika Jumamosi.

Akaacha kibanda wazi, mbio hadi saluni.

“Ulikuja Ijumaa!”

“Nilikuja Jumamosi. Jua lilishazama.”

“Mimi nikaja kesho yake, nikakungoja mpaka wakafunga.”

Msusi akashusha kitana. “Mpaka wakafunga? Nami nimelia mpaka wateja wakanipa pole!” Akavua saa ya baba yake, akamnyooshea, macho yamelowa. “Basi irekebishe, tusipotezane tena.”

Fundi akamvisha tena mkononi. Kisha akavua ya kwake, akaitia majira upya, akiitazama ile ya msusi.

“We! Fundi saa mzima? Wateja watakucheka.”

“Wacheke. Nakupenda, na sitaki tena siku ikuanzie peke yako.”