Pampu ya Marehemu

Jua lilikuwa linazama Mama Sufu alipochomoa kisu kwenye ala na kwenda nyuma ya jiko kuchinja kondoo. Ilikuwa kazi ya kawaida pale nyumbani, ila kwake ilikuwa mara ya kwanza. Kwa miaka kumi na tisa yeye alishika miguu tu, kisu kilikuwa cha mumewe. Sasa mumewe alikuwa na miezi mitano kaburini, na shemeji yake, mdogo wa marehemu, alishaanza kupiga mkwara.

"Zizi halikai bila mchinjaji, shemeji," alimwambia mchana ule, huku macho yakiwahesabu kondoo. "Kesho asubuhi nakuja. Nikikuta umechinja na kuchuna mwenyewe, sawa, nitafunga mdomo. Nisipokuta, nawaswaga wote kwangu."

"Njoo na bakuli basi, nikupe ya supu."

Shemeji akacheka. Halafu akaomba pampu ya baiskeli, eti tairi lake limelala. Mama Sufu akampa bila kufikiri, na hapo ndipo alipokosea.

Pampu ile haikuwa ya baiskeli tu. Kondoo akishakata roho, marehemu alitoboa tundu dogo kwenye ngozi ya mguu wa nyuma, akachomeka mpira wa pampu na kujaza upepo mpaka ngozi ikaachana na nyama. Baada ya hapo kuchuna kulikuwa kama kumvua mtoto shati. Wachinjaji wengine hupuliza kwa mdomo. Yeye hata siku moja. Mkewe alipomuuliza kwa nini, alijibu, "Pumzi yangu siigawi," akaendelea kupiga mluzi wake. Alikuwa na mluzi wa kuitia kondoo, unaopanda na kushuka. Mama Sufu alijaribu kuuiga miaka yote hiyo akaishia kutema mate.

Kondoo jike alikata roho bila taabu. Damu ikaisha. Mama Sufu akatoboa mguu, akageuka kuchukua pampu, akakumbuka.

"Potelea mbali," alisema. Akainama, akaweka mdomo, akapuliza.

Ngozi ikavimba. Ilinuka sufu mbichi na damu ya moto. Akapuliza mara ya pili. Ya tatu. Ya nne akasikia kifua kimekuwa chepesi mno, akataka kuvuta hewa...

Hewa haikuingia.

Ilikuwa inatoka tu. Kondoo alikuwa anainywa. Mbavu za mnyama aliyekwisha chinjwa zikapanda. Zikashuka. Shingo iliyokatwa ikakoroma, na mguu mmoja ukaanza kutafuta ardhi.

Ndipo alipokumbuka walivyomkuta mumewe. Alikuwa amelala pale pale, midomo ina mafuta, kamba imelegea, damu chini, na kondoo aliyekuwa anamchuna, mwenye sikio lililokatwa ncha, hayupo. Watu walisema ni moyo. Wakasema kondoo kaliwa na mbwa. Na pampu? Siku ile pia pampu ilikuwa imeazimwa na mdogo wake.

Hasira ilimpanda kuliko woga. Kukimbia asingeweza, maana pumzi ya kukimbilia angeitoa wapi? Akamrukia kondoo, akambana kwa magoti kama alivyozoea kuwabana, akarudisha mdomo kwenye lile tundu. Safari hii hakupuliza. Akafyonza.

Mara moja. Mara mbili. Kifua kikajaa. Kondoo akalala, akawa nyama.

Halafu akasikia mluzi.

Ulitoka nyuma ya ua, ukipanda na kushuka... Zizini, kondoo kumi waliobaki wakasimama wote. Giza lilikuwa halijashika sawasawa, kwa hiyo alimwona vizuri aliyekuja. Yule kondoo mwenye sikio lililokatwa ncha, miguu imekonda, ngozi imevimba kumzidi. Shingo yake ilikuwa wazi, imekauka. Mluzi ulikuwa unatokea humo.

"Nani kakutuma?" alinong'ona.

"Ni mimi, mke wangu..." shingo ikajibu, kwa sauti ya marehemu. "Nimechoka kutembea."

Machozi yakamtoka. Hakuyafuta, mikono ilikuwa na damu.

"Na mimi nimechoka kulia. Njoo hapa."

Akaja. Mama Sufu akamlaza taratibu, akapapasa mguu wa nyuma. Tundu lilikuwepo. Hakujua mtu akivuta pumzi ya marehemu humpata nini. Lakini kuiacha izurure porini, au kumwachia yule mwazima pampu, hilo hapana.

"Hii nayo ni ya nyumba hii," alisema, akafyonza mpaka mwisho.

Asubuhi shemeji alikuja na kamba begani, bakuli hana. Nyama ilikuwa inaning'inia kwenye boriti, safi, haina hata unyoya mmoja wa sufu. Akaitazama, akaguna. Halafu akaona ngozi mbili zimewambwa uani. Akahesabu kondoo zizini, wako kumi. Jana walikuwa kumi na mmoja. Akahesabu tena. Akaisogelea ngozi ya pili, akashika lile sikio lililokatwa ncha.

Kamba ikamdondoka.

"Huyu... umempata wapi?"

"Karudi kwao. Pampu yangu iko wapi, shemeji?"

Shemeji alikuwa anarudi kinyumenyume, macho kwenye kifua cha Mama Sufu, ambacho kilipanda mara mbili kabla ya kushuka mara moja. Usiku ule Mama Sufu hakupata usingizi. Kila alipofumba macho, kulikuwa na mwingine humo ndani anayevuta hewa kwa zamu. Hakujua ataishi hivyo mpaka lini, na aliogopa, aliogopa sana. Lakini zizi lilikuwa lake.

"Pampu, shemeji," alirudia. "Iwe hapa kabla jua halijazama. Usipoileta, nitakufuata."

Akakunja midomo. Mwanamke asiyejua kupiga mluzi akapiga mluzi, unaopanda na kushuka, na kondoo kumi wakageuza vichwa. Hawakumtazama yeye. Walimtazama shemeji, kisha wakaanza kutoka zizini, mmoja mmoja.