Kanda Iliyovunjwa Vijino

Kriiiii... krrr... kriiiii...

Ulikuwa usiku mwingi nilipousikia. Mlio mwembamba, mkali, kama nyigu aliyefungiwa ndani ya kopo la maziwa. Umeme ulikuwa umekatika tangu isha, redio yangu haina hata betri, na mume wangu yuko Kilifi, jikoni kwenye hoteli moja huko Bofa, haji mpaka Ijumaa. Nyumbani tulikuwa mimi na mwanangu Omar tu, na Omar hata kutambaa hajaanza.

Mlio ule naujua. Ndiyo kazi yangu. Ni mlio wa kanda ya kompyuta.

Nami sina kompyuta.

Nikawasha kibiriti. Nikainua chandarua...

Ngoja. Nikikimbilia huko nitakuchanganya.

Mimi nafanya kazi dukani kwa Bwana Badi, hapa Malindi. Anauza redio na televisheni. Mwaka wa themanini na sita akaleta kompyuta ndogo ndogo kutoka Dubai, zile unazounganisha na televisheni ya nyumbani, na unachoandika unakihifadhi kwenye kanda ya kaseti, hii hii ya kusikilizia taarabu. Ukiicheza kanda hiyo kwenye redio husikii neno, wasikia kriiii tu. Walionunua ni wachache, na kila mmoja ana swali. Mbona kioo cheusi? Mbona nabonyeza haisikii? Bwana Badi mwenyewe hajui kitu. "Mwulizeni Shekha," husema akicheka, "kasoma mpaka fomu foo, sasa kaolewa na mashine." Basi simu ikilia, ni mimi.

Siku moja alipiga dada Kibibi. Mumewe yuko Uarabuni, ndiye aliyemnunulia binti yao, Zena, ile kompyuta. Mtoto ameandika kutwa nzima, umeme umekatika, yote yamepotea. Afanyeje?

"Akiandika tena, yatie kwenye kanda," nikamwambia.

"Sina kanda tupu."

"Yoyote ile. Chukua ya zamani, rekodi juu yake."

"Iko hii moja ya mama mkwe, imo kabatini, imefungwa kitambaa, hata haichezwi. Lakini kitufe cha kurekodi cha redio hakishuki, Shekha. Naona vile vijino viwili vya nyuma vimevunjwa."

Omar alikuwa mgongoni analia, maziwa yanichuruzika, nataka kuiweka simu tu. Na mtu yeyote anayezijua kanda anajua kwamba vijino vile havivunjiki vyenyewe. Mtu huvivunja makusudi, ili kilichomo kisifutwe.

Nilijua.

"Ziba matundu kwa selotepu," nikasema. "Kitashuka."

Wiki haikwisha. Jua linazama, nafunga dirisha la duka, Bwana Badi akaniita. Eti redio ya kina Kibibi inapiga kelele hata ikichomolewa, nipite niwatazamie, si ni njia yangu? Nikapita, Omar mgongoni.

Mlangoni ilinipokea harufu. Udi, lakini chini ya udi kulikuwa na kitu kingine... kama nywele zilizoungua. Zena ameketi mbele ya televisheni iliyozimwa. Waya wa redio umelala sakafuni, haukuchomekwa popote, na kisanduku cha betri kitupu.

Na redio yalia. Kriiiii...

Bi Mwanabibi, mama mkwe, amesimama katikati ya chumba, ameshika kitambaa kitupu.

"Shikamoo, Bi."

Hakuitikia. Alikuwa akimnong'oneza Kibibi, na mnong'ono ule ulikuwa mbaya kuliko ukali.

"Mwanao alikuwa mchanga, hapumui. Tukapiga ngoma. Pepo likanipanda mimi, likaapa kwa kinywa changu kwamba halitamgusa mtoto tena. Mganga, Mzee Nzai, akalirekodi. Vijino akavivunja kwa meno yake mwenyewe. Akasema, kiapo kikifutika, nalo limefunguliwa." Akavuta pumzi. "Nani kakufunza kuziba?"

Kibibi akanitazama. Kisha akamtazama Omar mgongoni mwangu.

"Nimejifunza mwenyewe, mama."

"Basi kesho urudi kwenu Mambrui. Mtoto anabaki."

Nilikuwa pale pale. Nina mdomo, nina ulimi. Sikusema.

Zena akageuka pole pole.

"Dada Shekha, kuna anayeuliza."

"A... anauliza nini?"

"Nani kafungua."

Mimi, ninayejibu maswali ya mji mzima! Nikainama, nikajifanya natazama waya. "Sijui," nikasema. Nikatoka nusura nikimbie. Njiani Omar alianza kulia, kisha akaacha ghafla, nami nikashukuru. Nikashukuru, jamani, nikidhani kalala.

Sasa rudi nami kwenye chandarua.

Omar alikuwa macho. Kinywa wazi.

Mlio ulikuwa ukitoka mle.

Nikamnyakua. Kifua chake baridi, chatetemeka kama spika. "Ni mimi," nikanong'ona, "aliyefungua ni mimi, Kibibi hana kosa, mwache mwanangu, ni mimi, ni mimi..."

Tk.

Kimya.

Sikulala. Nikaazimia kukicha nimwombe Bwana Badi ruhusa, niende kwa Bi Mwanabibi nikaseme kweli, Kibibi asitenganishwe na mwanawe. Nilipofika dukani simu inalia.

"Shekha." Alikuwa Kibibi. "Nina swali. Kanda ikisharekodiwa juu, yaliyokuwamo kwanza yaweza kurudi?"

"Hayarudi, dada."

"Nilijua. Usiku mlio ulikatika. Halafu redio ikasema, 'Ni mimi.' Sauti yako, naijua, nimeizoea kwenye simu. Mama alikuwa kalala. Kitufe cha kurekodi kilikuwa kimeshuka chenyewe. Nikaitoa kanda, nikabandua selotepu. Imefungwa tena, na wewe umo ndani. Zena kalala mpaka sasa. Wako je?"

"Kalala... Kibibi, naja huko, namwambia mama ni mimi!"

"Usije. Wajua ukimwambia atafanya nini? Ataicheza kanda asikie kama ni kweli. Nani ajuaye kitakachotoka? Mimi begi langu liko mlangoni. Zena yuko hai, Omar yuko hai. Niapie hutamwambia mtu."

Nikalia. Nikaapa.

Nyuma ya pumzi zake, ndani ya simu ile, kitufe kama cha kurekodi kikabonyezwa. Tk.

Omar anakua, ananyonya vizuri. Ila tangu usiku ule halii. Akiumia hufungua kinywa tu, nami huweka sikio langu pale, kwa hofu, nisikilize.

Zena humwona mamake siku za Idi. Nikimwona Zena njiani, mimi huvuka upande wa pili.

Nimekwambia wewe kwa sababu kifua kilikuwa kinapasuka. Usiniulize zaidi. Simwambii mtu mwengine, naapa, simwambii mwengine yeyote.