Bwawa Ambalo Dayana Hajawahi Kuliona

Soko la La Cancha halina adabu. Jumamosi ile lilimsukuma Yobana Terceros, sketi ya kijani na rundo la karatasi kifuani, hadi akamwaga api ya moto, kinywaji cha mahindi, kwenye viatu vya muuza redio.

"Jamani, pole kaka!"

"Pole haisafishi viatu, kaserita, mteja wangu. Ninunulie api nyingine tunywe wote."

Wakanywa. Muuza redio, Limbert, alikuwa na mabega mapana, jaketi la ngozi lililochubuka viwikoni, na mdomo usiojua kupumzika.

"Karatasi za nini hizo? Kodi?"

"Dodoso. Linawauliza watoto wenye kifafa maisha yao yakoje. Limeandikwa Kiingereza, tunalitafsiri kwa Kihispania."

Kicheko kikamkauka. "Mdogo wangu Dayana anaanguka. Ana miaka kumi. Mama yuko Hispania anaogesha wazee wa watu. Namlea mimi."

Yobana akaenda kumhoji Dayana huko Zona Sur, kusini mwa jiji, na baada ya hapo simu hazikukoma.

"Umekula, roho yangu?"

"Leo roho yako? Jana uliniita daktari."

"Nimekupandisha cheo, mpenzi. Shukuru."

Kisha asubuhi moja redio zote za kibanda cha Limbert zikasema kwa sauti moja: watoto wa kusini wenye kifafa wanaishi vizuri kuliko wenzao wa Ulaya. Kwa hiyo kliniki waliyoahidiwa imesitishwa. Limbert akapiga simu papo hapo.

"Yobana, Dayana alijibu nini?"

"Kifafa kimewahi kukuzuia kuogelea? Akasema hapana. Kupanda farasi? Hapana. Kwenda kambi ya likizo? Hapana. Kila hapana inahesabiwa maisha mazuri."

"Kuogelea! Huku maji tunanunua kwa pipa! Hajawahi kuliona bwawa, litamzuiaje?"

"Nilimwambia Daktari Urquidi, mkuu wa utafiti. Anasema tukibadili maswali majibu hayatalinganishwa na ya nchi nyingine. Tafsiri ikirudishwa kwenye Kiingereza ikafanana na maswali ya awali, basi kwake imetosha."

"Na jina lako limo kwenye ripoti hiyo?"

"Limo."

"Mnatia kinyaa," Limbert akasema, akakata.

Ndiyo, kinyaa. Sisi tulioandamana tukafunga barabara za jiji hili kudai maji tunaijua harufu hiyo. Wataalamu wanakuja na kikombe cha kwao kupima kiu yako, kisha wanatangaza kwamba umeshakunywa. Tumewaona zamani, tunawaona leo, na kila mara wamevaa mashati yaliyopigwa pasi.

Yobana naye akamwendea Urquidi, aliyekuwa akila sambusa ya salteña juu ya majibu ya watoto.

"Futa jina langu."

"Binti yangu, sayansi haina hasira."

"Basi ichukue ukaogelee nayo."

Mchana uleule akapanda hadi nyumbani kwa Limbert. Mlango ulikuwa na kufuli kwa nje. Alipobisha, sauti ndogo ikajibu kutoka ndani.

"Limbert yuko sokoni. Hunifungia nisije nikaangukia barabarani."

Yobana akakaa vumbini, mgongo mlangoni. "Dayana, achana na bwawa. Ningekuuliza nini?"

"Niulize kama mlango unafungwa."

Limbert akatokea na mkate kwapani. Akaganda.

"Umefuata nini hapa?"

"Nimejiondoa kwa Urquidi. Na hili kufuli ni lako?"

"Majirani wanasema povu la kifafa linaambukiza! Akianguka nje hakuna wa kumgusa. Nifanyeje, Yobana? Nisipouza hatuli!"

"Ulinitukana mimi, ukarudi kumfungia yeye. Umewahi kumuuliza?"

"Wewe hujui hofu yangu."

"Jamani fungueni kwanza, mtagombana baadaye!" Dayana akapiga kelele.

Limbert akatoa ufunguo. Mlango ulipofunguka akashindwa kumtazama mdogo wake usoni.

"Kinyaa ni mimi," akanong'ona.

"Wewe unaogopa tu," Yobana akasema. "Hofu watu hugawana."

"Ungekubali kugawana? Hapa, na mapipa haya? Unioe, nikuoe, vyovyote?"

"Bila kufuli, ndiyo."

Dayana hakungoja ruhusa ya mtu. Alikwisha kuchomoa mkate kwapani mwa kaka yake, akashuka barabarani kwenye jua la mchana, akitafuna. Wakamfuata nyuma, Limbert ametanua mikono yote miwili tayari kumdaka. Yobana akauchukua mmoja.

"Huo uliobaki unatosha," akasema. "Wa pili ninao mimi."